Wadudu Waliokula Nusu ya Waldemar

Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, na kule mtaa wa La Teja mvua ikinyesha kila nyumba inakaanga maandazi bapa kwa mafuta ya ng'ombe. Sijui nani alianzisha. Ukipita barabarani harufu ni moja tangu kona mpaka kona, na hata mbwa wanajua ni siku ya mvua kabla hawajalowa. Nibia Pintos alikuwa jikoni anageuza ya kwake kwa uma. Akayatoa, akayanyunyizia sukari, akafunika sahani, halafu akaenda chumba cha marehemu mama yao kuigeuza miche ya bangi, kwa sababu mche unaokaa ndani nao unataka kugeuzwa kama andazi. Usipougeuza unalalia upande mmoja.

Miche ilikuwa sita. Sheria ya kule inaruhusu sita kwa nyumba, mwenye nyumba akijiandikisha, na mwenye nyumba alikuwa Waldemar, mdogo wake Nibia. Ilikaa ndani ya kabati la mama yao, lile kubwa la milango miwili. Taa ilifungwa kwenye bomba lililokuwa linatundikiwa makoti, na kuta zimebandikwa karatasi ya fedha, ile ya kufungia nyama ya kuoka. Zamani waliipanda uani. Mwaka wa kwanza wakaja wale sisimizi wakubwa wanaokata majani, wakaishusha yote asubuhi moja na kuondoka nayo kwa mstari, kila mmoja na jani lake kichwani, kama waumini kwenye maandamano ya Bikira. Mwaka wa pili waliokuja walikuwa watu, na wao walipitia ukutani. Ndipo miche ikaingizwa ndani.

Basi Nibia akafungua kabati. Miche mitatu ilikuwa mizima, ya kijani, inang'aa. Mitatu mingine ilikuwa imefunikwa utando wa utitiri mwekundu, majani yamejaa vidoa vya njano, na juu ya utando utitiri wenyewe wanatembea taratibu kama watu wa Jumapili mchana. Sasa, miche ile ilikuwa imebanana, jani linagusa jani. Utando ulifika pale jani la mche ulioliwa linapogusana na jani la mche mzima, ukaishia hapo. Na haukuishia hivi hivi. Ulikuwa umekunjwa kama pindo.

Nibia ni fundi cherehani, anawashonea waimbaji wa kanivali miaka yote, na pindo zuri analijua. Aliliangalia kidogo, akafunga kabati, akarudi jikoni.

"Waldemar, una wadudu," alisema.

Waldemar alikuwa mezani na kibuyu chake cha yerba, yale majani yanayonywewa kama chai, mkononi, chupa ya maji ya moto kwapani, kama kawaida yake. Ukimwona bila chupa unafikiri amekatwa mkono.

"Tuna wadudu," alisema Waldemar.

"Sawa. Tuna."

Hapa inabidi niseme habari za nyumba, maana bila nyumba hakuna la kusimulia. Nyumba ilikuwa ya mama yao, Bi Celanira. Akiwa hai alikuwa anasema ni ya wote wawili, mbele ya yeyote aliyekuwa amekaa. Lakini alipokufa hati ikaandikwa jina la Waldemar peke yake, kwa sababu Waldemar ndiye mwanaume, na kwa sababu siku waliyokwenda kwa mwanasheria wa hati Nibia alikuwa amebaki nyumbani kuwapikia kahawa watu wa msiba. Hakukuwa na siri yoyote. Mtaa mzima ulijua. Mabati ya paa yalinunuliwa na cherehani ya Nibia. Vigae vya bafuni pia. Bi Celanira alipolala kitandani miaka ile ya mwisho, aliyemgeuza ni Nibia.

Waldemar si mtu mbaya, usije ukafikiri. Akimwona jirani na mtungi wa gesi anaubeba bila kuombwa. Ila ukimgusia hati anatazama dirishani.

"Nibia, wewe kitanda utakosa kweli? Nani amekufukuza?"

"Hakuna aliyenifukuza. Nataka tu iandikwe."

"Baridi ikiisha tutakwenda."

Baridi za pale zilikuwa zimeisha nyingi. Na Waldemar alikuwa na mtoto mmoja, Fabricio, ambaye alihamia Hispania akiwa kijana na kila Jumapili anapiga simu. Anauliza afya ya baba, anauliza kama mvua imenyesha, halafu anauliza nyumba za La Teja siku hizi zinauzwaje. Nibia alikuwa amevuka sabini. Alijua kwamba Waldemar akitangulia, Fabricio atateremka na ndege, atalia kwa haki kabisa, halafu atauza. Ndiyo maana alitaka nusu yake iandikwe. Hakutaka kingine. Alitaka afie kwenye kile chumba chenye cherehani, asitolewe na mabegi.

Na bangi nayo ilikuwa hivyo hivyo. Nibia ndiye aliyeimwagilia, aliyeigeuza, aliyeipigia feni. Ikivunwa, Waldemar anachukua vichwa, vile vya juu vinene vyenye harufu, anavikausha na kuviweka kwenye chupa za jemu, vingine vya kulalia, vingine vya kuwapelekea wenzake klabuni. Nibia anapewa majani ya chini. Anayachemsha na mafuta, anapata dawa ya kujipaka vidoleni, maana vidole vyake vilikuwa vimevimba viungo kama tangawizi, na bila ile dawa sindano haishiki.

Basi Waldemar akaanza kupambana na utitiri. Alianza na maji ya sabuni ya mche, jani moja moja, juu na chini. Utitiri wakangoja sabuni ikauke, wakarudi mahali pao. Akaja na maji ya tumbaku, nyumba nzima ikanuka kama kituo cha polisi. Akaja na mafuta ya mwarobaini, akaja na vitunguu saumu, akatundika zile karatasi za njano zenye gundi. Kwenye karatasi alinasa nzi mmoja aliyekuwa anapita na shughuli zake.

Halafu akabadilisha vyungu. Vya kushoto akapeleka kulia, vya kulia akaleta kushoto, akavizungusha na kuvichanganya mpaka mwenyewe hajui kipi ni kipi. Asubuhi mitatu ilikuwa imeliwa, mitatu haijaguswa, na pindo liko palepale katikati, limenyooka.

"Wanakula nusu," alisema Waldemar.

"Naona," alisema Nibia. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano na ulikuwa haupiti.

Waldemar akafikiri. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha nyama maisha yake yote, anagonga mihuri kwenye mapaja ya ng'ombe, na mambo ya kugawanya aliyajua. Akatoa mche mmoja, akauweka uani, wale sisimizi wakauchukua kabla ya chakula cha mchana. Ikabaki mitano.

"Tano haigawanyiki," alisema, akaenda klabuni kucheza karata.

Asubuhi yake walifungua kabati pamoja. Miwili imeliwa, miwili mizima. Wa tano ulikuwa umegawanywa katikati, tangu kwenye udongo mpaka kichwani, kama mkate. Upande huu majani ya kijani, upande huu utando. Lile jani la juu kabisa, linalosimama wima, lilikuwa kijani mpaka mshipa wa kati na njano kutoka hapo.

"Wamepima vizuri," alisema Nibia. "Mimi nisingeweza bila futi kamba."

Siku ya pili Waldemar akaenda kwenye duka la vifaa vya wakulima wa ndani, linaloendeshwa na kijana mmoja mwenye ndevu anaitwa Yamandú. Akamweleza. Yamandú alikuwa anapima mbolea, hakuacha kupima.

"Wanakula nusu nusu?"

"Nusu kamili."

"Kuna mtu unaishi naye?"

"Dada yangu."

"Nyumba ya urithi?"

Waldemar akatazama dirishani.

"Ni wa urithi hao, mzee," alisema Yamandú. "Wanakuja sana msimu huu kwa sababu ya unyevu. Kuna bwana walimlia viatu vya kushoto duka zima. Yeye na nduguye walikuwa na ugomvi wa kiwanja."

"Dawa yake?"

"Kwa mwanasheria wa hati. Mimi hapa siuzi." Akafunga mfuko wa mbolea. "Nina San Antonio, ukitaka kujaribu. Ila sikuahidi kitu."

San Antonio ni vile vidudu vyekundu vya mgongo wa duara, vyenye madoa meusi, vinavyokula wadudu wengine. Waldemar akanunua boksi. Akafika nyumbani, akalifungua ndani ya kabati, akakaa kwenye kiti kungoja vita. San Antonio wakatoka mmoja mmoja, wakajikung'uta mabawa, wakapita juu ya utitiri bila hata kuwasalimia, wakaenda kukaa kwenye majani mazima. Hakukuwa na chakula kule. Walikaa tu, kama wageni waliofika kwenye nyumba waliyoalikwa. Mmoja akaruka akatua mkononi mwa Nibia, kwenye kile kifundo kinachouma kuliko vyote. Watu wa kule wakituliwa na San Antonio wanaomba jambo kimoyomoyo. Nibia akaomba. Waldemar hakumuuliza ameomba nini.

Baada ya hapo wadudu wakaona kabati ni dogo.

Fukusi waliingia kwenye mchele. Kopo lilikuwa moja, lakini Nibia akichota anapata mchele mweupe, na Waldemar akichota anapata fukusi na punje chache za kuwasindikiza. Nondo wakala nusu ya blanketi zote zilizokuwa kabati la ukumbini, na blanketi zilizobaki nzima zikawa zimekunjwa upande wa Nibia. Bendera ya timu, ambayo Waldemar aliitundika ukutani tangu mwaka ule walioshinda, ikabaki rangi moja. Mchwa wakaingia kwenye meza. Waliila miguu miwili ya upande wa Waldemar, si kuimaliza, kuipunguza tu, mpaka meza ikainama. Ajabu ni kwamba haikuinamia kwa Waldemar kulikoliwa. Iliinamia kwa Nibia. Supu ya Waldemar ikawa inateremka yenyewe kuelekea kwa dada yake, naye anaizuia kwa kijiko.

"Shika sahani yako," anasema Nibia.

"Nimeshika."

"Karoti yako imefika huku."

"Kula basi."

Jirani yao, Bi Elbia, alikuja siku moja kuazima mayai, akaona meza.

"Kwenu wameanza lini?"

"Tangu mvua," alisema Nibia.

"Kwa shemeji yangu walimaliza mpaka ngazi. Alikuwa anashuka kwa kuruka." Bi Elbia akamgeukia Waldemar. "Na wewe mwanaume hujachoka? Si uende ukaandike nusu, ule supu yako kwa amani."

"Baridi ikiisha," alisema Waldemar.

"Baridi imeisha, baba. Mimi nimevaa kandambili."

Ubishi wa Waldemar haukuwa wa kelele. Alikaa kwenye nusu yake iliyoliwa, akavaa fulana yake yenye mkono mmoja, akanywa yerba yake iliyopungua, na ukimuuliza anasema mambo yataisha yenyewe. Kilichomuuma kweli ni bangi. Miche ilikuwa imeanza kutoa maua, na kwa hesabu yake angepata vichwa viwili na nusu badala ya sita. Na Nibia naye akaanza kuogopa, kwa sababu Waldemar akikosa vichwa vyake huwa anachukua na majani ya chini. Kanivali ilikuwa inakaribia. Kulikuwa na makoti ya waimbaji ya kutia vishanga kifuani kote, na vidole vya Nibia asubuhi vilikuwa havifungi wala havifunguki.

Sasa nije kwenye karata. Klabuni kwa Waldemar wanacheza truko. Truko si mchezo wa mwenye karata nzuri. Ni mchezo wa mwenye uso mkavu. Una karata mbovu, unamwangalia mwenzako machoni, unatangaza kwamba unazo nzuri, na kama ametishika anazitupa za kwake na wewe umeshinda bila kuonyesha kitu. Kudanganya si kosa, ndiyo kanuni yenyewe. Wazee wa pale wangemdharau mtu anayecheza truko kwa kusema kweli. Na Waldemar alikuwa bingwa. Alikuwa anaweza kushika takataka mkononi na kuitangaza kwa sauti ya padri.

Alasiri moja akamshinda hivyo mstaafu mmoja wa reli, mtu wa kumwogopa. Yule akatupa karata zake, Waldemar akafunua za kwake, hamna kitu.

"Mnafiki mkubwa wewe," alisema yule wa reli, akicheka.

"Uliamini."

"Uliisema vizuri, ningefanyaje?"

Waldemar akabaki ameshika karata. Halafu akasimama, akachukua chupa yake, akaenda nyumbani mapema, jambo ambalo pale klabuni walilizungumza mpaka jioni.

Alivaa shati safi lenye mikono yote miwili, la kuazima kwa jirani. Akachana nywele. Akaingia chumba cha mama yake, akafungua milango yote miwili ya kabati, akasimama mbele ya utitiri kama anavyosimama mtu mbele ya hakimu.

"Mabwana," alisema, "nimekuja kusema kitu kimoja. Nyumba hii ni ya Nibia."

Utitiri wakasimama. Waliokuwa wanasuka wakaacha kusuka.

"Sisemi nusu. Yote." Na kwa kuwa alikuwa mchezaji mzuri, alijua uongo ukiachwa uchi unaonekana, unataka kuvalishwa mambo ya kweli. Akaanza chumba kwa chumba. "Sebule ni yake, yeye ndiye aliyeipaka rangi. Bafuni ni kwake, vigae vile alivinunua kwa makoti ya kanivali, nakumbuka hata rangi ya makoti, yalikuwa ya zambarau. Paa ni lake, mabati yote, pamoja na lile linalopiga kelele. Chumba hiki ni chake. Hapa alimgeuza mama kitandani miaka minne na mimi nilikuwa napita mlangoni nauliza kama amekula. Jikoni ni kwake. Jikoni sina hata cha kueleza. Ua ni wake, mlimau ni wake. Mimi hapa nakaa kwa hisani yake."

Hakupepesa jicho. Nibia alikuwa ukumbini na beseni la nguo mbichi. Alisikia yote, tangu neno la sebule. Akaliweka beseni chini polepole lisilie.

Utitiri walishauriana kidogo. Halafu wakaanza kukunja utando, kutoka juu kwenda chini, kama watu wanavyokunja hema. Wakapita dirishani kwa mstari. Fukusi wakatoka koponi, wakapita chini ya mlango wa jikoni. Nondo wakafuata, na mchwa mwisho, maana wao ni wazito. Ilichukua muda wa kuchemsha maji. Bi Elbia alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake, akainua ufagio wapite.

Waldemar alipotoka chumbani alimkuta Nibia amebadilisha nguo. Amevaa gauni la bluu la kanisani na hereni za mama yao, mkoba umening'inia mkononi, midomo ameipaka rangi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mwanasheria. Wanafunga saa kumi na moja."

"Kufanya nini?"

"Si umesema, Waldemar. Nimekusikia mpaka mwisho."

Waldemar akacheka, si kwa ubaya, kama anavyocheka mtu na mwenzake wa upande mmoja wa meza.

"Nibia, ile ilikuwa truko."

Nibia alisimama hapo ukumbini. Barabarani muuza magazeti alikuwa anapita. Akatoa hereni moja, akatoa na ya pili, akaziweka ndani ya mkoba, akaufunga.

"Uliisema vizuri," alisema.

"Eeh, si mchezo. Walitaka kujua mambo ya vigae, nikaona hapa nitie na rangi."

"Yalikuwa ya zambarau kweli."

"Najua. Ndiyo maana wameamini."

Nibia akaenda uani kuanika nguo zake, maana beseni lilikuwa linangoja.

Ila hakuliacha hivyo. Jumapili Fabricio alipopiga simu, akauliza afya, akauliza mvua, Nibia akamsogelea Waldemar pale kwenye simu.

"Mwambie na yeye."

"Nimwambie nini?"

"Yale uliyowaambia wadudu. Kama ni mchezo, cheza na mwanao."

Waldemar hakukataa, mchezo hakuwahi kuukimbia. Akasafisha koo. Akamwambia Fabricio kwamba nyumba ni ya shangazi yake, yote, akaanza sebule, akafika bafuni, akapita kwenye paa, kwa sauti ileile ya padri, bila kupepesa. Nibia alikuwa ameegemea mlango, mikono ndani ya aproni. Halafu kicheko cha Fabricio kikasikika mpaka jikoni.

"Mzee, mimi nakujua ukiwa huna kitu mkononi. Umenifundisha mwenyewe. Haya niambie, ile nyumba ya kona waliyouza waliitoa kwa bei gani?"

Ndivyo ilivyokuwa. Fabricio alikulia mezani pa truko, mtaa mzima ulikulia mezani pa truko, na yule mwanasheria wa hati pia alikuwa anacheza, tena vibaya. Waliomwamini Waldemar ni wadudu tu, kwa sababu wadudu hawajui karata.

Miche ilipona vizuri. Waldemar akaongeza wa sita kutoka kwenye kipandikizi, na yote ikatoa maua mazito mpaka ikabidi ifungwe kamba. Nyumba ikawa haina hata mbu. Bi Elbia alikuwa anakuja kukaa kwao wakati wa joto, anasema kwenu hapa mtu anapumzika. Siku ya kuvuna Waldemar akachukua vichwa, akavikausha, akavitia kwenye chupa za jemu. Nibia akapewa majani ya chini. Akayachemsha na mafuta, akajipaka, vidole vikalegea, makoti yakatoka kwa wakati na vishanga vyake vyote, na kundi lile likapata nafasi ya pili, ingawa wao wanasema walionewa.

Fabricio naye alifurahi. Aliambiwa na mtu wa mtaani kwamba nyumba ya baba yake haiingii mdudu, na nyumba isiyoingia mdudu ina bei yake. Akasema ameshapata mtu wa kuinunua, hana haraka, anangoja tu mambo yafike wakati wake. Waldemar alimweleza Nibia habari hiyo wakiwa wanakula, kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha. Nibia akamwongezea wali.

Kuna jambo moja tu la kuongeza. Utitiri hawaishi sana. Wanazaliwa, wanazeeka na kufa kabla hata mwezi haujaisha, na wale waliosikia maneno ya Waldemar hawakuwaachia watoto wao maagizo yoyote. Alipopanda miche mipya walirudi, wakala nusu. Akarudia kutangaza, wakaondoka. Baadaye, ili asisumbuke, akaamua awe anatangaza kila Jumapili kabla ya chakula, wawepo wasiwepo. Alikuwa anavaa shati safi, anafungua milango miwili ya kabati, anasimama.

Nibia akawa anazima jiko kwanza. Anavua aproni, anakuja kukaa kwenye kitanda cha mama yao, magoti pamoja, mikono mapajani. Hakuna mahali pengine ambapo maneno yale yalikuwa yanasemwa, kwa hiyo alikuja kuyasikilizia pale. Waldemar alizoea kumwona nyuma yake na hata alimpenda awepo, maana mchezaji anapenda mtu wa kumtazama. Sebule, rangi. Bafuni, vigae. Paa, bati linalopiga kelele. Kila Jumapili alikuwa anaboresha kidogo, anaongeza jambo alilolikumbuka katikati ya wiki, na yote aliyoyaongeza yalikuwa ya kweli.

Siku moja alimaliza, akafunga kabati, akageuka.

"Vipi leo?"

"Leo umepaharakisha jikoni," alisema Nibia.

"Jikoni nilisema."

"Ulisema upesi upesi. Hawakusikia."

Waldemar akatazama saa. Chakula kilikuwa kinapoa, lakini kazi ikifanywa ifanywe. Akafungua tena milango yote miwili, akasimama wima, akaanza upya kutoka jikoni. Nibia akajisogeza kidogo kitandani, akakaa vizuri.